Tulimpumzisha mama mpaka akashindwa kupanda basi

Saa 11 na nusu alfajiri Kituo cha Mabasi cha Magufuli, hapa Mbezi Luis, huwa kimeshachangamka. Wapiga debe wanagombea mizigo ya abiria, wauza maji na korosho wanapita dirisha hadi dirisha, na mabasi ya mikoani yanaunguruma yakisubiri ruhusa ya kutoka. Asubuhi ile nilikuwa namsindikiza mama kwenda Lushoto, kwenye msiba wa dada yake. Alisimama mbele ya mlango wa basi, akashika chuma, akanyanyua mguu. Haukufika. Akaushusha, akapumua, akajaribu wa pili. Nao haukufika.

Ngazi ya kwanza ya basi la mkoani iko juu, sikatai, lakini watoto wa shule ya msingi wanaipanda wakiwa na mabegi mgongoni. Nyuma yetu foleni ikaanza kusema pole mama, pole mama, kwa sauti ile ya watu wanaokuheshimu huku wanataka utoke njiani. Mwishowe kondakta akamvuta kwa juu, mimi nikamsukuma kwa chini, na mama akaingia ndani kama gunia la mkaa. Alipoketi alijifunika mtandio, akageukia dirishani. Hakunipungia mkono.

Kilichoniuma ni hesabu. Miezi 18 kabla ya siku hiyo, mwanamke huyo huyo alishuka kwenye basi la Lushoto kituoni hapo hapo akiwa na kapu la mapeasi kichwani na jogoo kwapani. Alikuwa na miaka 68. Alikuja kutibiwa macho, tukamwomba abaki. Katika miezi hiyo 18 hakupata kiharusi, hakuvunjika mfupa, hakulazwa hata usiku mmoja. Tulichomfanyia sisi watoto wake ni kumpumzisha.

Nieleze kumpumzisha maana yake nini, maana najua si kwetu peke yetu. Kule kwake nyumba iko ubavuni mwa mlima, shamba liko bondeni, na maji yako katikati. Kwenda kuchuma maharage ni kushuka, kurudi ni kupanda. Kupika ni kukaa kwenye kigoda, na moto ukififia anainama kuupuliza. Choo ni cha kuchuchumaa. Hapa Mbezi, upande wa Makabe, tulimpa chumba chenye choo cha kukaa, kochi linalommeza mtu mzima, televisheni, binti wa kumletea chai, na bajaji ya kumfuata mpaka mlangoni. Mwezi wa kwanza aliona jembe stoo, akaanza kufungua matuta nyuma ya nyumba apande matembele. Nikalichukua lile jembe nikalificha. Niliwaza majirani watasemaje: kamleta mama yake mjini kuja kumlimisha?

"Haya, baba," akasema, akaenda kukaa.

Lugha yetu yenyewe inashiriki katika kosa hili. Mtumishi anapostaafu analipwa kiinua mgongo. Neno tamu: umeinama miaka yote hiyo, sasa chukua hiki ujinyooshe. Lakini mgongo ukishanyooshwa unalazwa kochini, na mstaafu anayetoka jioni na raba zake kutembea anaulizwa kama gari limeharibika. Dar es Salaam kwenda kwa miguu ni dalili ya kufulia. Mtu mwenye heshima zake hapandi kilima cha Msakuzi, huku kwetu Mbezi, kwa mguu. Anaita bodaboda hata kama anakokwenda anapaona kwa macho. Na watoto wake hujisifu: mzee wetu siku hizi hagusi kitu.

Dalili tuliziona tukazipita. Mama alipokuja alikuwa anaswali chini, kwenye mswala. Faradhi za kutwa ni rakaa 17, yaani sijida 34, na kila rakaa ina kushuka na kuinuka kwake, achilia mbali sunna. Ukiyaandika hayo kwenye karatasi kama mazoezi, vijana wengi wa mtaani kwetu wangeomba ruhusa ya kuumwa. Baada ya miezi kama 10 nikamkuta anaswali kwenye kiti cha plastiki. Dini inaruhusu kwa asiyeweza, na kanisani nako wapo wazee wanaobaki wameketi wenzao wanapopiga magoti. Nikasema ni uzee tu. Nikamnunulia kiti kizuri zaidi, chenye mto.

Baada ya arobaini nilikwenda tena kituoni kumpokea, safari hii na kijana wa kunisaidia kumbeba. Hakuhitajika. Mama alishuka mwenyewe, kinyumenyume, ameshika chuma, ngazi moja moja kama anayeshuka mtini. Hakuwa yule wa kapu la mapeasi, lakini miguu ilikuwa inamtii. Alinisimulia kwamba wiki ya kwanza alikuwa akitoka chooni kwa kushika ukuta huku machozi yanamtoka. Wiki ya tatu alifika bondeni. Nikamuuliza amepewa dawa gani.

"Kule hakuna kochi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nitafute wataalamu na vitabu. Nilichokikuta kinamuunga mkono yeye.

Nyama za mwili hazina subira. Mtu akishavuka miaka 30 huanza kupoteza misuli, asilimia 3 hadi 8 hivi kila muongo, na akivuka 60 kasi inapanda. Hiyo ni sehemu ya umri na hakuna aliyeikwepa. Sehemu ya kochi ni nyingine. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio ambamo wazee wenye afya njema, wastani wa miaka 67, walikubali kulala kitandani kwa siku 10 mfululizo. Hawakuwa wagonjwa. Siku 10 zilipokwisha, kila mmoja kwa wastani alikuwa amepungukiwa karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Nenda buchani, omba kilo moja ya steki, ishike mkononi uone uzito wake. Hizo ni siku 10. Mama tulimweka miezi 18, na ingawa kochi si kitanda, na alikuwa akiinuka kwenda mezani na chooni, hesabu haikuwa upande wetu.

Halafu kuna magoti, ambayo ndiyo kilio kikubwa cha wazee wa huku. Utasikia goti limesagika, utasikia uteute umekauka. Kwenye vituo vya daladala hutamkosa mtu mwenye kipaza sauti anayeuza unga wa kurudisha uteute, na mwenye banda la supu atakuapia kwamba kongoro linafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya chini. Supu ya kongoro ni tamu, sina ugomvi nayo. Ila tumbo halina barabara ya moja kwa moja kwenda gotini. Kinachosagwa kinagawanywa mwili mzima, kama ilivyo kwa maharage.

Gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, haina mishipa ya damu. Sasa inakula vipi? Inakula kwa kukamuliwa. Ukikanyaga, uzito wako unaibana kama dodoki na kuitoa maji. Ukinyanyua mguu, inafyonza uteute wenye virutubisho. Kanyaga, nyanyua, kanyaga, nyanyua. Goti ambalo kutwa nzima limekunjwa mkao mmoja linashinda na njaa. Ndiyo maana mzee aliyekaa saa tatu mbele ya televisheni akiinuka anahisi goti limeganda, na akishapiga hatua 20 linalegea. Wengi wanaelewa kinyume: linauma, basi nisilitumie. Na kadiri wasivyolitumia, misuli ya paja inayolishikilia inasinyaa, goti linabeba mzigo peke yake, maumivu yanazidi. Goti lililovimba na kupata moto, au linaloachia ghafla mtu akaanguka, hilo ni la daktari, si la kusikilizia nyumbani.

Mama hajawahi kuwasikia Kristen Hawkes na wenzake, lakini wangeelewana. Watafiti hao walikaa na Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa nchi yetu, miaka ya 1980, na mwaka 1989 wakaandika juu ya jambo lililowashangaza: vikongwe. Akina bibi waliokwisha kuzaa zamani ndio waliokuwa wanatumia saa nyingi zaidi kuchimba mizizi ya kula kwenye ardhi ngumu, kuliko hata mabinti. Walikuwa wanalisha wajukuu. Nadharia nzima juu ya kazi ya bibi katika historia ya binadamu ilizaliwa kwenye mashimo yale.

Mwaka 2020 watafiti wengine, wakiongozwa na David Raichlen, walichapisha kitu kinachovutia zaidi. Waliwafunga Wahadzabe vipimo vidogo vya kurekodi mwendo, na mtu angetarajia wakute watu wasiotulia. Wakakuta kwamba Mhadzabe anapumzika karibu saa 10 kwa siku, karibu sawa na karani wa ofisini. Tofauti ilikuwa kwenye namna ya kupumzika. Sehemu kubwa ya muda huo wanachuchumaa, wanapiga magoti au wanakaa chini, na misuli ya miguu, hasa katika kuchuchumaa, hailali. Inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kuinuka kutoka chini nako ni kazi, na wanainuka mara nyingi. Wahadzabe nao hawana kochi.

Nikitoka Eyasi narudi stendi, kwa sababu sayansi ya jambo hili ilianzia kwenye mabasi na ningependa makondakta wa Mbezi walijue hilo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa wa kampuni moja, walipita mitaa ile ile, walitoka kwenye nyumba za hali ile ile. Ila dereva alikaa zamu nzima, na kondakta alipanda ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku akikata tiketi juu na chini. Madereva walipata maradhi ya moyo zaidi, na yalipowapata yaliwaua zaidi. Morris mwenyewe alizingatia alichokiona. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Ukimwona dereva wa basi la Mwanza, mwenye zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake, mwambie kwa upole kwamba kila basi linaposimama kwa chakula na yeye ashuke azunguke gari mara mbili tatu kabla ya kuketi tena mezani.

Je, aliyekwishachelewa? Mwaka 1990, mjini Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 wa makao ya wazee, wa miaka 86 hadi 96, wengi wana maradhi mawili matatu, wakawapa zoezi la kunyanyua vyuma kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu ya mapaja iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Umri wa miaka 90! Lakini sehemu inayostahili kubandikwa ukutani ni iliyofuata: walipoacha kwa wiki nne tu, karibu theluthi ya nguvu ilikuwa imeondoka. Kwa hiyo Jumamosi moja ya mwezi haitoshi. Nasema hivyo nikikumbuka Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa shughuli hiyo. Zanzibar nako Januari 1 ni siku ya vikundi vya mazoezi kujaa barabarani. Siku hizo ni nzuri kwa kukumbushana, na kizazi kilichokimbia mchakamchaka shuleni kinazifurahia. Lakini mguu unahesabu Jumatatu na Jumanne vilevile.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu wa miaka 65 na kuendelea apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, ule wa kukufanya uhemeheme bila kushindwa kuongea. Juu ya hapo linataka mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara bila kuyumba, siku tatu au zaidi kwa wiki. Hili la pili ndilo linalosahaulika. Mzee anatembea kila jioni, sawa, lakini hajawahi kujaribu kusimama kwa mguu mmoja, na mguu mmoja ndio unaotumika unapopanda basi, unapovuka mtaro, unapoteleza kwenye tope la masika.

Ukitaka kupima nyumbani, tandika mkeka. Daktari Claudio Gil Araújo wa Brazil aliwafanyia hivyo watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80: kaa chini, kisha inuka, bila haraka. Unaanza na alama 10, na kila ukiweka mkono au goti kujisaidia unapunguziwa moja. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliopata 0 hadi 3 walikuwa na uwezekano wa kufa katika miaka iliyofuata mara tano zaidi ya waliopata 8 hadi 10. Mkeka hauui mtu, jamani. Unaonyesha tu kiasi cha nguvu, wepesi na uthabiti kilichobaki, kama kijiti cha kupimia oili ya gari. Fanyeni wawili, mmoja akae tayari kumdaka mwenzake, na mwenye nyonga mbovu asijaribu.

Nyumbani kwetu hatujanunua kifaa chochote. Mama anasimama kutoka kwenye kiti kigumu cha jikoni mara 10 asubuhi na mara 10 jioni, mikono imekunjwa kifuani. Mwanzoni alifika nne. Uji ukiwa jikoni anashika ukingo wa meza na kunyanyuka kwa vidole, anashuka, mpaka uchemke. Kusimama kwa mguu mmoja amekufanya mashindano na mjukuu wake, ambaye anahesabu kwa sauti na kuiba namba. Nazi anakuna mwenyewe, amekalia mbuzi, na kuinuka hapo si mchezo. Dukani anakwenda kwa miguu, anarudi na dumu la lita tano, mara mkono huu mara ule. Chakula tumekiangalia pia, kwa sababu misuli haijengwi kwa chai na mkate: dagaa, maharage, yai. Presha yake tuliipima kabla ya kuanza, na anajua kwamba kifua kikibana au kizunguzungu kikija anakaa chini hapo hapo alipo.

Ameshindwa kitu kimoja, kuvuka barabara kuu. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa kuwa njia nane, na magari yamefurahi. Mtu wa miaka 70 anayetaka kwenda ng'ambo anahitaji miguu ya kijana au huruma ya dereva. Huku ndani mitaani mvua imechimba makorongo, njia za miguu zimemezwa na kuta za viwanja, na kwenye kilima kizima hakuna benchi moja la mtu kuketi apumue kisha aendelee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilituletea mengi ya maana: aliyefikisha miaka 60 anatambuliwa, anapishwa kwenye foleni ya hospitali, na asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo. Yote hayo yanamsubiri mzee pale mlangoni. Kutoka kwake hadi pale mlangoni ni juu ya miguu yake na njia tuliyomwachia. Wenyeviti wa mitaa wanaosoma gazeti hili, ubao mmoja wa kukalia kila baada ya hatua 200 ni kazi ya fundi seremala mmoja na michango ya kikao kimoja. Anzeni na hilo.

Na wewe ambaye wiki hii unakwenda stendi kumpokea mzazi, mwache abebe hata kapu dogo.

Jembe nimelitoa stoo. Mpini ulikuwa umeliwa na mchwa, nikanunua mwingine. Nyuma ya nyumba yapo matuta sita ya matembele na moja la mchicha. La nane analifungua sasa, na amenikataza kumsaidia.